Chumba cha Mtu wa Kwao

Barua ya kuniita chuoni ilikuja na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema nimepata nafasi ya kusomea ukatibu huko Bungoma, niripoti mwezi wa tano, nije na vyeti na picha nne za pasipoti. Ya pili ndiyo ilinikalia rohoni: chuo hakina mabweni, kila mwanafunzi ajitafutie pa kulala. Chini yake waliandika nambari sita za simu za watu wanaokodisha vyumba karibu na chuo, basi. Ajitafutie! Kana kwamba chumba ni kuku aliyepotea, unazunguka tu nyuma ya nyumba ukimwita.

Mimi nilikuwa Kitale, tena si Kitale mjini, ni shambani, upande wa barabara ya kwenda Suam. Bungoma nilikuwa nimepita mara moja tu, ndani ya basi la kwaya, nikiwa nimelala. Kwenda kutafuta chumba na kurudi kungemaliza nauli tuliyokuwa tumeweka, na baba alisema wazi, "Tafuta na simu. Ukikosa kufika mwezi wa tano, utangoja mwaka ujao." Alisema hivyo huku akiendelea kunoa panga. Alikuwa mtu mzuri, lakini maneno yake ya siku nzima ungeyahesabu kwa vidole. Mama alifariki nilipokuwa darasa la nne, dada zangu wakaolewa mbali, na nyumba ikabaki ya watu wawili. Kungoja mwaka ujao maana yake ilikuwa mwaka mwingine wa kukamua ng'ombe na kumsikiliza baba akinyamaza. Niliapa sitangoja, liwe liwalo.

Kila Jumamosi nilipeleka maziwa mjini, na nikimaliza nilikwenda kwenye kibanda cha simu ya jamii karibu na soko. Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja aliyefuma sweta huku akichunga dakika, na hakuwa na haya yoyote ya kusikiliza.

Nambari ya kwanza ilipokelewa na mwanamume. Chumba kiko? Kiko. Maji yako? Yako, kisima ndani ya ploti. Nikafurahi. Kisha akauliza, "Unaitwa nani?" Nikamwambia jina la ubatizo. "La pili?" Nikamwambia la pili. Akakohoa kidogo, akasema anakumbuka sasa, ati chumba kilichukuliwa jana.

Nambari ya pili, mambo yakawa vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa ya bwana mchangamfu aliyeniita "dada yangu" mpaka nilipotaja jina, halafu kodi ikapanda palepale, nikiwa nimeshika simu sikioni. Nikamuuliza kama chumba kimeongezwa dari wakati tukiongea. Akakata.

Sisi ni Wakikuyu. Babu yangu alikuja Trans-Nzoia kulima, baba akazaliwa hapo, mimi nikazaliwa hapo, na udongo mwingine siujui. Lakini jina langu la pili lilikuwa linanitangulia Bungoma kabla ya miguu yangu. Ama labda vyumba vilikuwa vimejaa kweli na mimi nilikuwa na hasira tu. Mpaka leo sijui, na kutojua huko ndiko kulikoniudhi zaidi.

"Si ujaribu kesho na jina lingine," mama wa kibanda alinitania bila kuinua macho. "Majina ni mengi, bana."

Nilimwangalia vibaya. Lakini nikiri, maneno yake nilienda nayo nyumbani.

Sasa lazima nieleze kuhusu jirani yetu. Ng'ambo ya ua wetu aliishi mama mmoja Mbukusu, kabila la wenyeji wa Bungoma, ambaye mume wake alitoka upande wa Sirisia hukohuko. Mama yangu alipokufa, huyu ndiye aliyenisuka nywele, akanifunza kupika mboga za kienyeji zikaiva bila kupoteza rangi, akanigombeza nilipostahili. Jikoni kwake kulikuwa na lugha moja tu, na mimi niliinywa pamoja na chai yake. Nilipofika darasa la saba nilikuwa naongea Kibukusu mpaka wageni wake wakauliza mimi ni binti yake wa ngapi. Hakuwasahihisha. Mwaka mmoja kabla ya ile barua kuja, alifariki pia. Niliisaidia familia kupika matangani, na baada ya siku tatu kila mtu akarudi kwake. Hakuna aliyenipa pole, maana mimi nilikuwa jirani tu. Nililia peke yangu zizini.

Jumamosi iliyofuata nilipiga nambari ya nne. Akapokea mama, sauti ya mtu mzima, yenye kukwaruza.

"Mulembe, mayi," nikamsalimia, ndiyo kusema amani, mama.

Ile sauti ikafunguka yote. "Haiya! Mulembe, mwanangu! Wewe ni nani?" Nikamwambia kwa Kibukusu natoka Kitale, natafuta chumba, nimeitwa chuoni. Akauliza lile swali ambalo watu wa huko huulizana kila wanapokutana: wewe ni wa ukoo gani?

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na nafasi kabisa. Lakini niliwakumbuka wale wanaume watatu, nikautaja ukoo wa mume wa jirani yetu. Nikaongeza, "Watu wa Sirisia." Haraka hivyo, kama kubandika stempu.

Nikadhani nimeshikwa.

"Wee!" akasema. "Ukoo wa mama yangu! Mama yangu alizaliwa huko! Basi mayi si mimi. Mayi ni wewe!" Akacheka mpaka akakohoa. Kwao, mtoto wa kike wa ukoo wa mama yako, hata awe wa kunyonya, unamwita mama. Kwa hivyo mimi, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye harufu ya maziwa, nikawa mama wa mwanamke mwenye wajukuu. Akasema vyumba vya ploti havinifai, kuna kelele za walevi. Kando ya jiko lake kulikuwa na chumba alichokuwa akiweka mahindi. Angeyatoa mahindi. Kodi yake ilikuwa nusu ya ile ya bwana mchangamfu.

Nilirudisha simu. Mama wa kibanda akaniuliza, "Umepata?" Nikajibu nimepata. Nilikuwa nimepata kweli, na yule mwenye chumba hakuliuliza jina la pili.

Ningeishia hapo, ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini aliniambia nimpigie tena Jumamosi anieleze kama nataka dirisha lifunguke kwa ndani au kwa nje. Jumamosi nikapiga. Akasema fundi amekuja, ukuta umepakwa chokaa. Jumamosi nyingine ikawa ni habari ya kitanda: alikuwa nacho cha mbao cha zamani, mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa, ameikata yote kikawa kifupi, je, nitavumilia? Nikamwambia hata mimi ni mfupi. Tulicheka wote wawili. Nikawa nasimulia vitu ambavyo sikuwa na mtu wa kumsimulia: ng'ombe aliyekataa kushika mimba, mvua ya mawe, vile baba alivyoungua mkono. Alinipa pole ndefu, zile za kuuliza "na usiku alilala?" Aliniita mayi kila baada ya maneno matatu.

Nilianza kuishi kwa ajili ya Jumamosi. Haki ya Mungu, Jumatatu tayari nilikuwa napanga nitamwambia nini. Nyumbani baba alikuwa ananyamaza kama kawaida, na mimi nilinyamaza pia, lakini ndani yangu nilikuwa naongea na mama mmoja wa Bungoma ambaye sijawahi kumwona. Kila nilipokata simu, upweke ulinirukia palepale kibandani, mbaya zaidi kuliko kabla sijapiga. Kwa sababu nilijua anayeongeleshwa si mimi. Mara mbili niliamua nitamwambia. Mara mbili nikasikia "mayi, umekula?" nikashindwa.

Mwezi wa tano nikafika, mchana, mvua ikinyesha kidogo. Baba alinisindikiza mpaka stendi ya Kitale, akanipa mkono, akasema "Soma," akaondoka. Ploti ya yule mama ilikuwa upande wa Kanduyi, vyumba vya mabati kwa mstari, na nyuma yake nyumba yake mwenyewe, mahindi na migomba. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alinisimamisha mlangoni akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaniangalia, akasema nina macho ya kwao. Ya kwao! Nilitaka ardhi ipasuke.

Kile chumba nakiona hata sasa. Chokaa bado ilikuwa inanuka. Kitanda kifupi kilitandikwa shuka lenye mstari wa kukunjwa dukani, dirishani pazia la samawati alilolishona kwa mkono, mezani kikombe kimoja kimefunikwa na sahani. Nilikuwa sijawahi kuandaliwa kitu namna hiyo maishani mwangu, na furaha ikanijia pamoja na aibu.

"Weka mzigo hapo kwa mlango wa jiko," akasema. "Kwanza kuja. Kuna mtu unafaa kusalimia."

Nilijua kuna wajukuu, nikadhani ni wao. Akanishika mkono tukapita migomba. Hapo kulikuwa na kaburi la saruji, limefagiliwa asubuhi hiyo, alama za ufagio bado mbichi. Hilo boma lilikuwa la baba yake, aliniambia. Yeye alirudi hapo ndoa ilipoharibika, akamtunza mama yake, akamzika.

Akaongea na kaburi kwa Kibukusu, sauti ya kawaida tu. "Mama, amekuja. Nilikuambia atakuja. Tangu tukuzike hakuna mtu wa kwenu amekanyaga hapa, ukadhani wamekusahau. Huyu hapa." Kisha akanigeukia, uso unang'aa. "Haya, mayi. Msalimie. Mwambie wewe ni wa nani."

Nikafungua mdomo. Aliye hai nilikuwa nimemdanganya Jumamosi tele bila kutoka jasho. Lakini huyu mama wa watu, amelala hapo, amengoja miaka mtu wa kwao, na mimi nimletee uongo niliouokota kwenye kibanda cha simu? Nilishindwa. Nikasema, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa lugha yake sikuweza: "Mimi si wa huko."

"Si wa huko wapi?"

Nikamwambia yote. Jina langu la pili, babu yangu alikotoka, jirani yetu, jiko lake, mazishi yake. Nililia nikisema, na sikulia vizuri, nililia kama mtoto aliyeshikwa akiiba sukari. Alikuwa bado ameushika mkono wangu. Hakuutupa. Aliuachilia polepole, akajifunga leso yake vizuri, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

"Sasa mbona hukuniambia kwa simu?"

"Wenye vyumba wengine walinikataa waliposikia jina."

"Na mimi nilikukataa lini?"

Angenipigia kelele ningejua la kufanya, kelele naziweza. Lakini aliuliza akitaka jibu. Akangoja jibu. Mvua ikawa inatunyeshea na mimi nikatafuta siku ambayo huyu mama alinikataa, nikaikosa. Sikuwa nimempa hata nafasi ya kunikataa. Huenda angesema karibu. Huenda angekohoa. Hilo swali la kunikubali au kunikataa nililichukua mikononi mwake nikalijibu mimi mwenyewe, na sasa hakuna aliyeweza kulijibu tena.

"Chumba ni chako," akasema mwishowe, bila kuniangalia. "Pesa ni ile tuliongea. Siwezi fukuza mtoto wa mtu na mvua hii. Enda uweke vitu ndani."

"Asante, mayi," nikasema.

Hakuitika. Nikapita migomba, nikafika kwenye mlango wa jiko, nikainama kuchukua mzigo wangu. Yeye alibaki pale pale. Nilimwona akichuchumaa, akiondoa jani lililoangukia saruji. Labda alisahau kwamba lugha yao naijua, au labda hakujali tena. Alisema taratibu, kama unavyomwambia mgonjwa jambo usilotaka asikie:

"Mama, nisamehe. Hakuna mtu amekuja. Ni mpangaji tu."