Yuliana na moduli iliyoamsha mashine ya wachongaji wa Goba

Kitaa cha kijani kinawaka mara mbili, kisha kinazimika. Yuliana Nandonde anakiona kabla ya mtu mwingine yeyote, na anashusha pumzi.

Ni saa mbili na robo asubuhi, Goba. Mbele yake kuna mashine ya kuchongea mbao, imeunganishwa na kompyuta kwa kadi ndogo yenye kitaa hicho; kikiwaka hivyo, kompyuta imeitambua kadi. Nyuma yake wamesimama wachongaji saba.

"Kimekonyeza," anasema, sauti haifiki mlangoni.

"Kimemkonyeza nani, binti? Mie mzee," anajibu Mzee Kornelio, mkubwa wa karakana. Wenzake wanaangua kicheko.

Kicheko hicho kilikuwa kimepotea kwa siku kumi na tisa. Mzee Kornelio na wenzake, watu wa Mtwara, waliinunua mashine hiyo ikiwa imetumika. Kompyuta yake ya zamani ilipokufa wakaleta nyingine, nayo haikuitambua kadi. Mafundi wawili walikuja, wakatazama, wakaondoka.

Ndipo kazi ikafika Kimara, kwenye duka la kutengeneza kompyuta la Mahfudha Hilal, anakofanya kazi Yuliana.

Yuliana ana miaka ishirini na minne. Aliingia dukani humo akiwa na kumi na saba, kufagia na kuchemsha chai, kwa shilingi elfu tano kwa siku. Akifuta meza alikuwa anatazama mistari ya programu kwenye kioo cha kompyuta. Jioni aliinakili kwenye daftari, kesho yake akaomba kuijaribu. Leo analipwa laki nne na nusu kwa mwezi, na bado kila mstari anauandika kwanza kwa kalamu.

Kazi yake iko ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu inayozungumza na vifaa. Mfumo anaoutumia ni wa bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuuongezea kipande chake. Kipande hicho mafundi wanakiita moduli. Kompyuta isipojua kuongea na kadi, Yuliana anaiandikia moduli ya kuifundisha.

"Programu ya kawaida ikikosea, inajifunga yenyewe, unaifungua tena," anaeleza, macho kwenye daftari. "Ukikosea kwenye kiini, kompyuta nzima inaganda. Hata mshale hausogei."

Ndivyo ilivyotokea Jumatatu. Moduli aliyoiandika ilipokelewa vizuri, mashine ikaanza kuchonga ua kwenye ubao wa mninga. Kichwa cha kuchongea kilipofika ukingoni, kila kitu kikasimama. Walijaribu mara tatu, mbao tatu zikaharibika.

"Binti, umeileta kuchonga au kulala?" aliuliza Mzee Kornelio. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kadi ilikuja na kurasa nne za maelezo ya Kiingereza. Mahfudha alimuuliza kama amezisoma, akajibu ndiyo. Ukweli ni kwamba alisoma mifano ya mistari ya programu tu. Ile anaielewa kama mtu anayefuata nyayo. Maneno marefu ya Kiingereza aliyaruka.

Yuliana aliishia darasa la tano. Dukani hakuna aliyejua. Mahfudha alidhani amemaliza kidato cha nne, na yeye hakuwahi kumsahihisha, akihofia kurudishwa kwenye ufagio.

Jumatano Mahfudha alimwambia kwamba ikifika Ijumaa bila jibu, kazi hiyo atampa fundi mwingine. Siku nzima Yuliana alizunguka na zile kurasa mfukoni. Kesho yake asubuhi alimfuata bosi wake aliyekuwa akikoroga chai.

"Dada, nilikudanganya. Hizi sijazisoma. Siwezi. Niliishia la tano."

Mahfudha aliweka kijiko chini. "La tano? Na mie niliyemaliza chuo, nakuuliza wewe kila siku?" Akavuta kiti. "Hebu kaa hapa. Lete."

Wakasoma pamoja. Kwenye ukurasa wa tatu Mahfudha akatafsiri: "Kifaa kikikuita, pokea, andika, toka. Usisubiri humo ndani. Ukisubiri, unasimamisha kila mtu."

Yuliana alijishika kichwa. Kichwa cha mashine kilipofika ukingoni, kadi iliita, na moduli yake ilipokea na kusubiri kidogo ili kichwa kitulie.

"Niliona ndiyo adabu," anasema, sasa akitabasamu. "Kumbe kwenye kiini adabu ni kuondoka upesi."

Aliihamisha ile mistari ya kusubiri, akaiweka sehemu nyingine inayofanya kazi baada ya wito kujibiwa.

Na asubuhi hii, Ijumaa, kichwa kinakwenda hadi ukingoni. Kinagusa. Kinageuka, kinarudi, na unga wa mninga unaendelea kuruka.

"Haya, imeamka!" Mzee Kornelio anapiga makofi. "Mleteeni fundi kiti. Siku zote hizi mmemsimamisha tu."

Mahfudha hajamrudisha kwenye ufagio. Amempunguzia zamu za Jumanne na Alhamisi jioni, ili Januari aanze masomo ya watu wazima.

"Nataka nimalize la saba, halafu Kiingereza," anasema Yuliana. "Kurasa nne nizisome mwenyewe."

Akiwa ameketi kwenye kiti alicholetewa, anaulizwa na mwandishi wa habari hii kwa nini aliacha shule. Mama yake, anayeshona nguo nyumbani, ameamini miaka yote kwamba ni kwa sababu mwaka ule alikosa kumshonea sare mpya. Kila watoto wa shule wanapopita, anamwomba binti yake msamaha. Binti hakuwahi kumwambia sababu ya kweli.

"Liandike hili, jirani atamsomea mama," anasema, na safari hii sauti inafika mlangoni. "Haikuwa sare. Mwalimu aliniambia nisome mbele ya darasa, nikakwama, wakanicheka, mie sikurudi tena. Mama, hukunikosea kitu."