Mahali pa Doto

Laiti ningekataa. Baba aliponigeukia na kuniuliza, "Wewe unayesoma, ndivyo barua inavyosema?" nilipaswa kujibu hapana, baba, sivyo, umesikia vibaya. Nikasema ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesimama uani kwetu na karatasi mkononi. Leo nina mvi mpaka kwenye nyusi, na ile "ndiyo" yangu bado naisikia.

Sikuwa na nia ya kuiandika habari hii. Lakini wiki iliyopita nilikwenda Ngokolo, kwenye shule ya sekondari anayosoma mjukuu wangu wa kike. Mtoto huyu ana akili nyingi, ila herufi humchezea. Anasema akitazama ukurasa, maandishi yanatembea kama siafu. Mwalimu wake aliniita nione darasa analotaka kumhamishia. Nilitegemea ubao na chaki. Nikakuta vijana wakubwa wa kidato cha kwanza wakiandika kwa vidole kwenye masinia ya mchanga, wengine wakifinyanga moyo wa binadamu kwa udongo, na mmoja amefumba macho akipapasa kamba yenye mafundo huku akitaja pembe za pembetatu. Harufu ya udongo mbichi ikanipanda puani, nikaomba kiti. Mwalimu alidhani ni presha.

Haikuwa presha. Harufu ile naijua tangu zamani.

Sisi tulizaliwa wawili, nje kidogo ya Ibadakuli. Mimi nilitangulia nikaitwa Kulwa, dada yangu akafuata akaitwa Doto, kama ilivyo desturi kwetu Usukumani. Tulikula bakuli moja na kulala ngozi moja mpaka tulipotenganishwa kwa ukubwa. Asubuhi za shule bibi alitufungia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, pamoja na karanga za kukaanga, fungu moja kwa watu wawili, nasi tukatafuna njiani mpaka taya zikauma. Ukimsalimia mmoja wetu bila mwenzake, bibi alikukaripia. Alikuwa na msemo wake: pacha mmoja akidanganya, mwingine ndiye anayeumwa tumbo. Tulikuwa tukimcheka.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa ya wazazi, bati jipya juu, madirisha bila vioo. Ilipokea watoto waliokosa nafasi kwingine, na usaili wake ulikuwa wa mdomo. Kwa mdomo Doto hakuwa na mpinzani. Ukimsomea ukurasa mara moja aliurudisha wote, pamoja na mahali ulipokohoa. Lakini mpe kalamu sasa! Aliandika "kura" akimaanisha kula, na "kula" akimaanisha kura, na mstari uliofuata aligeuza tena. Walimu walicheka tu. Kila mtu anajua kwamba sisi Wasukuma herufi R hutuponyoka ulimini, tunaitamka L. Mwalimu wa Kiswahili alimwandikia kwa wino mwekundu, "Acha Kisukuma," akageuza ukurasa. Mimi niliyelala naye tumbo moja nilijua kwamba shida haikuwa ulimi. Alikuwa akigeuza hata b na d, hata sita na tisa, na hizo hazina kabila. Nilijua, sikusema.

Aliyeona alikuwa mwalimu wa sayansi, mtu mwembamba, shati lake halikuwahi kukosa doa. Aliomba ghala la zamani la pamba nyuma ya shule, akawakusanya wanafunzi wanane wa aina ya Doto. Hakuwapa madaftari. Walichota udongo mweusi wa mbugani, ule unaonata mguuni siku ya mvua, wakafinyanga kila herufi kubwa kama mkate, wakaipapasa huku wakiitaja kwa sauti. Ili kutenga R na L aliwaambia waweke vidole kooni. "R inatetemeka kama lori linalopanda mlima," alisema. "L imelala." Basi ghala zima likawa linanguruma. Ujazo waliupima kwa debe na maji, mpaka sakafu ikalowa. Sauti waliisoma kwa waya uliofungwa misumarini. Nilikuwa nikichungulia kwenye ufa wa mlango, nikasahau kengele. Nakiri kwenu, nilitamani kuingia.

Wenzetu waliliita darasa la matope.

"Kulwa, pacha wako leo amepika nini? Ugali au herufi?"

Doto ndiye aliyejibu, mikono myeusi mpaka viwiko. "Njooni mle. Labda mtashiba akili."

Wakacheka, nami nikacheka upande wao. Kicheko kile nacho nakumbuka.

Kufikia mwisho wa kidato cha pili Doto alikuwa akisoma sentensi nzima, polepole, kidole kikitangulia. Pampu ya maji ya shule ilipokufa, aliifungua akaisikiliza, akairudisha ikatoa maji. Mwalimu wa sayansi akasema mbele ya gwaride, "Vidole vya binti huyu vinasoma." Mimi nilikuwa wa tatu darasani, na hakuna aliyewahi kusema neno kama hilo juu yangu. Kuanzia siku ile nilikuwa na kitu kifuani, kidogo kama punje ya mtama, na hakikuyeyuka.

Kisha ikaja habari kwamba mwalimu anahama. Huko Geita kulikuwa na shule yenye karakana, iliyokubali afungue darasa kama lile kwa kidato cha tatu. Nafasi zilikuwa chache. Akamwandikia baba barua, akanikabidhi mimi, kwa kuwa nyumbani kwetu msomaji nilikuwa mimi peke yangu. Niliifungua njiani. "Tumempatia Doto mahali Geita. Tunaomba ridhaa yako." Nikageuza karatasi kutazama nyuma. Hapakuwa na jina langu.

"Soma tena, Kulwa," Doto aliniambia. Alikuwa anaruka ruka vumbini kama ndama. Siku hiyo mwalimu alikuwa amewafanya walifinyange neno lenyewe, MAHALI, na yeye alikuja na L yake ngumini, udongo ukikauka.

Nikasoma tena.

"Tena."

Mara ya nne nilimwambia ameniudhi. Akanitazama, lakini aliendelea kutembea kwa mdundo ule ule.

Baba alipenda barua isomewe uani, watu wote wakiwapo, kwa Kiswahili chake kwanza, kama inavyosomwa Injili, ndipo ielezwe kwa Kisukuma. Kiswahili cha baba mwenyewe kilikuwa cha mnadani. Nikasoma. Sasa wewe msomaji wangu unajua tofauti ya mahali pa kukaa na mahari ya kuolea. Kwa baba yangu, na kwa nusu ya jirani zetu, vinywani mwetu yote mawili yalikuwa neno moja: mahali.

Akaacha kukuna mguu. "Mahali? Ya Doto? Geita?"

Nikarudia mstari ule ule.

"Geita kuna nani? Wachimba dhahabu! Mtu analala shimoni kama panya, kesho kutwa anatuma mwalimu aje kuulizia mahali ya binti yangu?"

Doto akaja kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Baba, si ya kuoa. Ni nafasi ya shule. Ni eli, baba! Eli!" Akafungua ngumi kumwonyesha ile herufi.

"Eli ndiye nani?" baba akauliza. "Ndiye huyo mchimbaji?"

Bibi akaangua kicheko, mama akaangua kicheko, hata mimi. Doto peke yake hakucheka. Alishika koo lake kwa vidole, kama walivyofundishwa, akarudia neno lile taratibu, amwonyeshe baba kwamba koo halitetemeki. Baba akainua mkono.

"Nyamaza, mwanangu. Wewe husomi. Anayesoma yuko hapa." Ndipo akanigeukia. "Wewe unayesoma, ndivyo barua inavyosema? Ni mahali ya kuoa?"

Sikuwa nimepanga. Nataka mniamini katika hilo, ingawa halinisaidii. Nilitazama karatasi, nikaona jina lake bila langu. Nikaona lori la Geita likiondoka naye, mimi nikibaki kuitwa Kulwa asiye na Doto, huku yeye akisifiwa kwenye gwaride jingine. Maziwa yalichemka yakamwagika motoni, harufu ya kuungua ikajaa uani, hakuna aliyekwenda kuyaepua.

"Ndiyo, baba," nilisema.

Doto alinitazama. Hakulia wala hakubishana. Alifumba ngumi, nikasikia udongo ule mkavu ukivunjika.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Doto alizuiwa nyumbani, kwa hiyo mwalimu aliniuliza mimi baba amesemaje, nikamjibu amekataa. Akasema atakuja mwenyewe kuzungumza naye. Nikamwambia baba hapokei wageni wakati wa kupanda pamba, atakasirika zaidi. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huo niliupanga. Kila baiskeli iliyopita nilidhani ni yake. Kila baba alipokohoa nilidhani ameanza kuuliza. Nilikuwa na jioni nne za kurekebisha neno moja, na kila jioni nilijiambia kesho. Jumamosi lori likaondoka na mwalimu, wanafunzi watano na masanduku yao, na nilipoona vumbi lake likitulia juu ya michongoma nilihisi nafuu. Ndiyo, nafuu. Naandika kama ilivyokuwa.

Baba hakuridhika kumkatalia mchimbaji ambaye hakuwapo. Alisema kama watu wa mbali wameanza kuuliza, heri binti apewe tunaowajua, kabla huyo Eli hajafika na dhahabu yake. Kukawa na familia upande wa pili wa mto, watu wema. Baada ya mavuno Doto akaolewa. Siku ya kuondoka aliwaaga wote kwa majina yao ya nyumbani. Aliponifikia mimi alisema, "Baki salama, msomaji."

Nikadhani ni utani.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikawa karani katika kiwanda cha kuchambulia pamba, nikaoa, nikazeeka kwa heshima zangu. Doto alizaa, akalima. Watu wa kijiji chake humpelekea pampu, cherehani, redio. Huzifungua amefumba macho na kuzisikiliza kwa vidole. Kusoma kulimtoka mapema, kwa kukosa wa kumshika mkono. Ujumbe wa simu husomewa na wajukuu. Hajanifanyia ubaya hata siku moja. Msiba ukinipata anafika wa kwanza, na kila kiangazi ananitumia mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Anakaa, anakula, ananiuliza habari za shamba, anaondoka.

Ghala la pamba lilianguka zamani, palipokuwa na udongo wetu mweusi pamejengwa nyumba za kupangisha. Bibi na msemo wake wamelala. Baba alikufa akiamini kwamba alimwokoa binti yake na mchimbaji aitwaye Eli, na alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kwenye pombe, watu wakicheka. Sikuwahi kumsahihisha. Mwalimu wa sayansi sikumwona tena.

Nilipotoka Ngokolo wiki iliyopita nilikuwa na barua ya shule mfukoni, ya kumpelekea mwanangu, baba wa yule mtoto. Yeye anasoma vizuri kuliko mimi. Hata hivyo nilikaa naye, nikamsomea kwa sauti, na nilipofika kwenye neno lile nikalisoma mara mbili. Akatia saini. Nikampigia Doto simu.

"Mwadila, msomaji," akanisalimu, kama ilivyo kwetu mchana.

Nikamweleza yote: mchanga, kamba, udongo. Nikamwambia mjukuu wetu amepewa mahali.

Nilisikia kuku wake.

"Umemsomea baba yake vizuri?"

"Nimemsomea vizuri, Doto. Doto, siku ile mimi..."

"Najua, msomaji. Nilikuwepo." Kisha akasema anakwenda kuanua mtama kabla jua halijashuka, akakata.

Tangu siku aliyoolewa hajaniita Kulwa. Wengine wote wananiita hivyo, hata wasionijua, lakini jina hilo lina maana kinywani mwa mtu mmoja tu. Ile "ndiyo" yangu ilimnyima Doto shule. Mimi nilibaki na dada mwema anayenitumia michembe. Pacha sina, tangu nikiwa na miaka kumi na sita.