Ndara kwenye Mlango wa Chumba cha Baridi

Mimi na kalamu hatujawahi kuwa marafiki. Darasa la tatu nililimaliza kwa kusukumwa, la nne sikuliona. Kwa hiyo ukiniona napotea njia, nisubiri hapo ulipo, nitarudi.

Nataka kueleza habari ya ndara yangu. Si ndara ya maana, ni hizi za mpira, ya mguu wa kushoto, ambayo ilikaribia kuwaharibia kazi akina mama wa pweza hapa Msambweni.

Kikundi chao kina chumba cha baridi, pale juu ya ufuo samaki wanapoteremshwa. Kwa nje utadhani ni boksi kubwa jeupe. Nyuma kuna mashine inayonguruma, mbele kuna mlango mmoja mzito wenye mpira pembeni, kama friji ya nyumbani. Akina mama huweka humo pweza wao mpaka gari la mnunuzi lije, mara mbili kwa wiki. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Nilipewa kwa sababu ujanani nilibeba barafu katika hoteli moja ya Diani, na kwa sababu, alivyosema mama mwenyekiti, mzee asiyevua hana haja ya kuiba samaki. Mpaka leo sijamwelewa. Mzee asiyevua si ndiye mwenye njaa? Lakini ufunguo nikaupokea.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kwetu ni milima ya Taita. Utotoni mwangu, mwezi wa Julai, ukungu ulikuwa ukishuka hadi mlangoni. Mama alituamsha mapema, mimi na dada yangu, twende naye kukata majani ya ng'ombe. Njiani tulikuwa tukipuliza mvuke kinywani, tukijifanya tunavuta sigara kama mjomba. Mama anacheka, halafu naye anapuliza. Mvuke wake ulikuwa mrefu kuliko wetu. Picha yake hatukuwahi kupiga, na sura yake, Mungu anisamehe, imeanza kunitoka. Mvuke ule haujanitoka.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Taita kumzika huyo dada yangu. Ilikuwa Julai vilevile. Nikaamka kabla ya watu, nikatoka nje, nikapuliza. Hakuna kitu. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikapuliza tena kama mtu anayewasha kuni mbichi. Hakuna. Shemeji akanikuta pale uani.

"Kifua kinakusumbua?"

Nikasema ndiyo. Ningemwambia nini?

Nikarudi Msambweni na huzuni zangu mbili. Siku moja ya kaskazi, jua la saa sita linachoma utosi, nikaingia chumba cha baridi kupanga kreti, nikahema. Mvuke ukatoka. Mweupe, mrefu, ukapanda mpaka kwenye taa.

Basi, nikawa naingia kila mchana. Akina mama wakienda kuswali na kula, mimi naingia, nasimama, napuliza. Ila mimi ni mwoga, siwezi kuficha. Mlango ule ukijifunga nyuma yako unajiona maiti, na kitasa cha ndani sikukiamini. Kwa hiyo nilikuwa navua ndara ya kushoto, naibana chini ya mlango usije ukafunga kabisa. Mguu mmoja mtupu juu ya sakafu ya baridi, pweza wananitazama kwenye kreti zao. Nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kaskazi iliyopita joto likazidi. Hata usiku kuta za nyumba zilikuwa moto kama mkate unaotoka tanurini. Namba ya pale mlangoni, ya kupima baridi, inayotakiwa ikae kwenye mbili, ikapanda saba, ikapanda tisa. Mashine ambayo zamani ilikuwa ikinguruma na kupumzika, ikawa hainyamazi. Gari likaja. Dereva akabonyeza pweza, akanusa, akanusa tena, akakataa kreti nne.

"Mkinipa hivi tena, mama, mimi siji," akasema.

Mwenyekiti, mama mzima aliyechokoa pweza mwambani tangu usichana wake, akakalia kreti moja kati ya zile zilizokataliwa.

"Gari hili likikatika, tunarudi kwa yule mnunuzi wa pikipiki. Anajua bila baridi pweza wetu hawafiki jioni wakiwa wazima, basi bei anapanga yeye."

Mimi nikasema, "Ni jua, mama. Dunia imeharibika." Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye hekima.

Akaitwa fundi kutoka Ukunda, binti wa bara mwenye begi la vyuma. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akafungua mashine kwa nyuma. Vumbi na chumvi vilikuwa vimeshika vibati vyake kama ukoko wa wali. Akaviosha kwa maji na brashi laini. Halafu akaingia ndani, akakuta mabomba yamevaa barafu nene.

"Hii barafu yote imetoka wapi?"

"Si ndiyo baridi yenyewe?" nikamjibu.

"Zii, mzee. Hiyo ni hewa ya nje. Hewa ya huku imebeba maji, ikiingia inaganda hapa. Mabomba yanavaa blanketi, mashine inachoka bure. Mlango hufunguliwa mara ngapi?"

"Asubuhi tukiweka, na siku ya gari tukitoa," mwenyekiti akasema. "Basi."

Binti akachana karatasi daftarini, akaibana kwenye mlango, akafunga, akavuta. Ikagoma. Akajaribu pale katikati, ikagoma. Alipofika chini kabisa karatasi ikateleza ikatoka. Akachuchumaa. Mpira ulikuwa umebonyea, na penye bonde pana mistari ya soli. Akatazama mpira. Akatazama miguu yangu.

"Mzee, hebu nipe hiyo ndara."

Ikaketi pale kama kisu kwenye ala yake.

"Kumbe Babu anakula pweza wetu wabichi!" mmoja wa akina mama akapiga kelele.

"Pweza gani? Ana mwanamke mle ndani!"

"Basi ashamgandisha, maskini!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti hakucheka.

"Ulikuwa unafuata nini humo?"

Nikamwambia. Ukungu, dada yangu, mama, mvuke. Vicheko vikazimika kimoja kimoja. Fundi alikuwa bado ameshika ndara yangu, hajui aiweke wapi.

"Mama yangu mimi namfuata mwambani," mwenyekiti akasema mwishowe. "Maji yakipwa nakwenda pale aliponifundisha. Siku hizi matumbawe yamekufa, yamekuwa meupe kama mifupa. Inaniuma. Lakini sibomoi nyumba ya mtu kwa ajili hiyo." Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Hakunifukuza. Mpira mpya ukatiwa, na mimi nikapewa kazi ya nje, kuosha mashine kila wiki na kuiezekea kivuli cha makuti bila kuiziba pumzi. Fundi alipokuwa akifunga begi aliniambia nikitaka kujua hali ya chumba niweke mkono ukutani. Nikihisi baridi, inavuja.

Gari lilipokuja tena, namba ilikuwa mbili. Dereva akabonyeza, akanusa mara moja tu, akaanza kupakia. Kreti ya mwisho ilipotoka, mwenyekiti akaushikilia mlango wazi, akanitazama.

"Haya, mtu wa milimani. Ingia kidogo."

Niliuona ule ukungu wa mlangoni ukinifikia vidole vya miguu.

"Funga, mama," nikamwambia. "Joto linaingia."

Akafunga. Najuta kidogo mpaka leo, sikufichi. Nikazunguka nyuma, nikaweka kiganja ukutani, halafu shavu. Ulikuwa vuguvugu kama ukuta wowote. Nikakaa hivyo hivyo mpaka mashine ikanyamaza, ikapumzika.