Kisima cha Habaswein: Sajini alipiga marufuku wimbo, nami nikafunga kazi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma humu mkibishana kama ukaguzi wa usalama kazini ni kazi kweli au ni kusumbua watu tu. Naleta kisa changu. Nilikuwepo, sikuhadithiwa.

Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya miaka ya sitini, nilikuwa mkaguzi wa serikali, kituo changu Garissa. Nilikuwa kijana, suruali imepigwa pasi, nikisafiri na misafara yenye ulinzi kukagua karakana na vinu vya unga.

Ofisi ikanituma Habaswein. Kisima kilikuwa kinaongezwa kina, kipate maji ya kambi ya askari na ya watu waliohamishiwa kando yake.

Nilipofika, kilichonishtua ni ukimya.

(Mliokaa kule mnajua. Wachimbaji wa visima hawafanyi kazi bila kuimba. Aliye chini anaanza, walio juu wanaitikia, ndoo inapanda.)

Nikamuuliza msimamizi wao, Abdullahi, kulikoni.

"Sajini wa kambi amekataza. Anasema sisi naita shifta na wimbo."

Wiki iliyotangulia, katika ukimya huohuo, mchimbaji mmoja alizidiwa na hewa mbaya kule chini. Walio juu walidhani anapumzika. Walipomvuta, alikuwa maiti. Sasa aliyekuwa chini ni Yusuf, mdogo wake Abdullahi.

Kila anayeshuka alifungwa kamba kiunoni, ndiyo. Lakini kamba haisemi kama mtu anapumua. Wimbo unasema.

Nikaamuru Yusuf apandishwe, nikafunga kazi.

Sajini akaja mbio. "Kijana, wewe ni wa serikali au wa shifta? Askari wangu wanywe nini, wino wako?"

"Wimbo ukirudi, afande, maji yatarudi."

"Nitakuweka ndani!"

"Niweke. Kisima kitabaki kimefungwa."

 Nikaketi palepale kwenye mdomo wa kisima, sikuondoka.

Jua likapanda. Madebe ya kambi yakaanza kukauka. Akina mama wakaja na vyombo vyao, wakasimama wakimtazama Sajini.

Mwishowe akasalimu amri. "Haya, waimbe. Lakini kwa Kiswahili, nisikie kila kitu!"

Abdullahi akawageukia wenzake, akawatafsiria, wakacheka. Yusuf akashuka, na sauti ikatoka chini:

"Sajini iko na kiu!"

"Lete maji!" wakaitikia wa juu.

"Tumbo yake kubwa!"

"Lete maji!"

Askari wakageuza nyuso wasionekane wakicheka. Sajini hakucheka. Akasogea, akainama juu ya kisima, masikio wazi, akisubiri tusi la kumkamatia mtu.

Ndiyo maana yeye ndiye aliyegundua kwanza.

"Sajini buti yake..." Yusuf akaanza. Hakumaliza.

"Buti yangu nini?"

Kimya.

"Nimesema, buti yangu nini?" Kisha sauti ikambadilika. "Mvuteni! Mvuteni upesi!" Akaidaka kamba kwa mikono yake mwenyewe.

Yusuf akatoka amelegea, macho yamegeuka. Tukamlaza upande, Abdullahi akimpepea kwa kanzu na kumwita jina. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Alhamdulillahi," akasema kaka yake, akakaa chini mchangani.

Sajini akachuchumaa karibu na Yusuf, jasho linamtiririka. Akauliza taratibu, "Buti yangu nini?"

"Imetoboka, afande."

Tangu siku hiyo hakuna aliyezuia wimbo pale. Sajini mwenyewe akawa anafoka ukipungua.

Nilichojifunza: ukikagua mahali, kabla hujadai kifaa cha kuagizwa Nairobi, tazama watu wanajilindaje tayari. Na ukishajua uko sahihi, keti hapo hapo, hata ukitishiwa kuwekwa ndani.

Mliowahi kufanya kazi visimani, kwenye matangi au machimboni: nyinyi mlijuaje kwamba mwenzenu wa chini bado yu hai? Karibuni mtiririke.