Dada Wanne Katikati ya Ukurasa

Fundi wa tovuti huegemeza rula kwenye kioo cha kompyuta, hufumba jicho moja, kisha huzibembeleza picha: "Sogea, mama. Sogea kidogo tu." Safari hii zilikuwa picha za dada wanne wenye saluni, kila mmoja na yake, nazo ziling'ang'ania kushoto kama watu waliokimbilia barazani mvua ikinyesha. Siku mbili aliamrisha picha moja moja, zote zikatia pamba masikioni. Siku ya tatu akajipiga paji la uso. Amri ya kukaa katikati haipewi picha, hupewa boksi linalozibeba.

"Kumbe nagombeza watoto, na mama yao yupo!"

Akaandika mstari mmoja, safu nzima ikahamia katikati, ikatulia. Kwa furaha akamwita dada mkubwa aje aone. Dada mkubwa akainama, akatazama, akakunja uso.

"Safu imekaa vizuri, fundi wangu. Lakini mbona mimi niko pembeni?"

"Dada, mko wanne. Hakuna wa katikati."

Dada mkubwa akavuta kiti, akashusha sauti.

"Basi mtoe huyu kitindamimba, tubaki watatu, mimi uniweke katikati. Nitamwambia mtandao umemkataa."