Kelele Niliyomficha Muzee Bahati

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi: gari ya Papa ilikuwa imesimama katikati ya kiwanja cha Muzee Bahati, fundi wa magari, na mimi nilikuwa kando yake nikiomba ndani ya roho nisiulizwe kitu.

Mwanangu, wewe hujazaliwa. Mimi mwenyewe niko na miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari, na mambo ya kuolewa sijayafikiria. Lakini nimewasikia wazee wakisimulia ujana wao: aibu wanaiacha njiani, wanafika kwetu na akili peke yake. Basi naandika sasa, aibu ingali mbichi, ili siku nitakapokuja kukushauri nisijifanye kwamba nilizaliwa najua.

Gari yenyewe babu yako mkubwa, baba wa Papa, ndiye aliyeinunua, Papa bado mtoto. Rangi ya maziwa, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshangaa, na fimbo ndefu ya vitesi, yaani gia, inayotoka chini. Goma nzima hakuna nyingine kama hiyo, na kwa ajili hiyo Papa anaitwa kila wiki kupeleka maarusi kanisani. Hiyo ndiyo kazi yake. Kuna mabibi arusi walioahirisha ndoa kwa sababu gari ya Papa haikuwa na nafasi siku ile. Usicheke, ni kweli.

Sasa gari ilianza kulia. Si injini, ni bwati ya vitesi, lile sanduku la chuma lililo chini ya fimbo, ambalo ndani yake meno yanashikana na meno. Papa alimwonyesha fundi mmoja, mekanisye wa kando ya barabara. Huyo akamwaga mafuta mazito sana ndani ya bwati na kusema kelele itakwisha. Ilipungua siku tatu, kisha ikarudi nyingine, nzito, ya kukwaruza. Papa akakata tamaa. Kuna mtu wa mtaa wa Birere anayenunua magari mazee na kuyakata vipande vipande. Walikwisha kupatana aje saa sita ya mchana wa Jumamosi ile. Mama ndiye aliyesema, "Kabla hawajaikata, Muzee Bahati ayiwekee sikio. Kisha tutalia wote."

Muzee Bahati ni mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Mikono yake imeingiwa na mafuta miaka mingi mpaka mistari ya viganja inaonekana kama imechorwa kwa kalamu. Kwanza hakufungua kitu. Aliingia, akaendesha gari mpaka kona na kurudi, akazima. Kisha akalala chini juu ya katoni, akafungua kizibo cha bwati, akaingiza kidole na kukitazama.

"Nani aliweka uji huu?"

Papa akaeleza habari ya yule mekanisye.

"Alikudanganya, papa. Mafuta nzito haiponyeshe. Inafunika. Sasa hivi gari inanisemesha na kitambaa mu kinywa." Akainuka, akajipangusa. "Haya. Nani alikuwa nayisikia kabla ya huu uji?"

Na hapo ndipo nikaijua desturi yake, ambayo mpaka leo naistaajabia. Muzee Bahati haulizi "kelele ikoje." Anamchukua kila aliyezoea kupanda ile gari, mmoja mmoja, nyuma ya ukuta wa mabati, na kumwambia aiigize ile kelele kwa kinywa chake. Mmoja mmoja, ili mtu asikope sauti ya mwenzake. Watu wazima, mwanangu! Wenye makoti! Wanalia kama magari mbele ya mzee anayewatazama bila kucheka.

Papa alienda wa kwanza. "Grrra-kra-kra-kra!" Mabati yalitetemeka. Jules, mekanisye mwenye ndevu anayefanya kazi na Muzee, akadondosha ufunguo wa nati. "Papa, unalia gari ao unafukuza mbwa?" Wote wakacheka.

Mama akafuata, kikapu chake cha soko mkononi. "Miye sijue mambo ya chuma," tulimsikia, "lakini inalia sawa mutoto mwenye tumbo inamuuma na hataki kumwambia mama yake." Muzee akamjibu, "Hiyo ni muzuri sana, mama. Aksanti." Hakuwa anatania. Alikuwa anaweka kila neno mahali pake kichwani.

Kisha akaniita.

Nikwambie kitu ambacho Papa hakukijua. Kila asubuhi ya masomo Papa anawasha gari ipate moto, halafu anarudi ndani kumaliza chai. Mimi ninakuwa nimekwisha kukaa kiti cha nyuma na mfuko wangu, peke yangu, gari imesimama, vitesi hazijaingia, tunaita pwamo. Na pale, kwenye pwamo, mimi nilikuwa naisikia: "wuuuuiii," nyembamba, kama mashine ya kusaga mihogo iliyo mtaa wa pili. Papa akifika, akikanyaga ambreyaji, yaani klachi, ili aingize vitesi, sauti inakatika. Kwisha. Akiachia mguu inarudi, lakini wakati huo tumekwisha kuingia barabara ya mawe, na kila bati la gari linapiga kelele yake. Na Papa kila anaposimama anazima injini, asipoteze mafuta. Ataisikia wapi?

Nilikuwa nayo ile "wuuuuiii" tayari kooni. Lakini Jules alikuwa akichungulia pembeni ya ukuta na meno yake yote nje. Nikafikiri: Papa anaendesha gari hii tangu mimi sijazaliwa, na mimi nani? Nikafungua kinywa, nikatoa "gra-kra-kra," sauti ya Papa, ndogo, kama mbwa yule akiwa mtoto.

Muzee akaniangalia. "Na gari ikisimama, pwamo?"

"Inanyamaza, muzee."

Nimeandika maneno mawili tu, lakini huo ndio uongo mkubwa niliowahi kusema, na hakuna aliyenilazimisha. Niliusema kwa heshima. Au niliita heshima.

Akaenda kwa Papa taratibu. "Kama pwamo inanyamaza, na inalia tu wakati gari inavuta, basi ni meno yenyewe ilikwisha. Ya gari hii sijaona zingine miaka mingi. Siwezi kukufungulia bure nikuvunje roho, papa." Papa aliitika tu kwa kichwa. Akatoa simu, akamwambia mtu wa Birere kwamba anaweza kuja hata sasa. Kisha akafungua mlango wa gari na kuanza kutoa vitu vyake: rozari iliyoning'inia kwenye kioo, kitambaa cha kupangusia vumbi, utepe mweupe wa harusi iliyopita. Utepe akaukunja vizuri, mara mbili, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Sijui miguu yangu ilitoa wapi nguvu. Nilijikuta mbele ya Muzee, hatuko nyuma ya ukuta, tuko mbele ya wote. "Muzee, nilikudanganya." Na kabla aibu haijanifikia nikafunga macho nikalia: "Wuuuuuiiiiii!" Nikaonyesha kwa mguu, kama nakanyaga. "Hapa inakatika." Nikainua mguu. "Hapa inarudi. Wuuuuiii. Kila asubuhi. Papa anakuwa anakunywa chai."

Nikafungua jicho moja.

Muzee Bahati alikuwa amevua kofia. "Rudilia," akasema.

Nikarudilia. Mara tatu.

Basi ungemwona! Mzee aliyekuwa anatembea taratibu akawa kijana. "Jules! Mwaga uji huu wote, weka mafuta ya kweli!" Wakamwaga, wakaweka. Papa akawasha. Mwanzo, hakuna. Muzee akainua kidole: tungoje. Bwati ikapata moto kidogo kidogo, na mara ikaja, nyembamba, kama inatoka mbali: wuuuuiii.

Muzee akachukua turnevisi ndefu, yaani bisibisi, ncha akaiweka juu ya bwati, mpini akaubana sikioni, macho amefunga. Akaihamisha nyuma, katikati, mbele. Alipofika mbele, karibu na injini, akatabasamu. "Kanyaga, papa." Papa akakanyaga. Sauti ikakatika. "Achia." Ikarudi.

"Unaona?" aliniambia mimi, si Papa. "Ukikanyaga, injini inaachana na bwati. Chenye kilikuwa kinazunguka mule kinasimama. Makelele nayo ikisimama, basi ilikuwa ndani yake. Haiko meno. Ni rulema ya mbele, ile duara ya vigololi inabeba chuma chenye kinatoka ku injini. Rulema tunapata. Namba yake iko imeandikwa juu."

Hapo mtu wa Birere alifika na pikipiki, na vijana wawili wenye kamba. Papa akatoka garini, akamwendea na kumshika mkono kwa mikono miwili. "Unisamehe sana, ndugu yangu. Ulipita barabara bure. Mugonjwa amesema mahali panamuuma." Yule mtu akaitazama gari, akanitazama mimi, akaondoka anatikisa kichwa.

Papa akanigeukia. Niliogopa, maana nilikuwa nimemwonyesha mbele ya watu kwamba hasikii gari yake mwenyewe. "Kumbe chai," akasema. "Miaka yote chai." Mama akacheka mpaka akakaa chini juu ya tairi.

Kabla hatujaondoka Muzee aliniita. Nilidhani atanisifu. "Mama," akaniambia, hivyo ndivyo wazee wa kwetu wanavyomwita msichana wakimpenda, "nilikupeleka nyuma ya ukuta nipate sauti yako. Ukanipa ya baba yako. Ile nilikuwa nayo. Heshima ni kunipokea na mikono mbili. Kunifichia sikio lako, hiyo haiko heshima. Nilikuwa karibu niue gari ya mutu, na ningelala usingizi muzuri sababu ulinisaidia."

Hakupaza sauti. Nililia njia nzima, na nilikuwa na furaha, vyote pamoja. Bwati ilifunguliwa Jumatatu. Rulema ilipotoka Muzee aliizungusha kwa kidole, ikalia mkononi mwake kama alivyosema. Akaweka mpya, na gari ikanyamaza. Nimewaona walimu wengi. Sijaona mwingine anayeamini kwamba mama mwenye kikapu na msichana wa kiti cha nyuma wanajua kitu ambacho yeye hajui, na akakaa kimya kukingoja.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na niichukue mimi pia maana bado inanishinda. Mkubwa akikuuliza ulichosikia, mpe ulichosikia wewe. Usimpe cha baba, usimpe cha wengi. Sema kwa adabu, sema kwa sauti ndogo kama ndiyo uliyo nayo, hata ukifunga macho, lakini sema. Na ukiisha kusema uongo, rudi haraka, watu bado wapo kiwanjani. Ukiwa mkubwa nawe, kabla ya kufungua kitu cha mtu, uliza kila aliyekaa ndani yake.

Mungu akupe masikio yanayosikia hata sauti ndogo, na koo lenye haya kidogo kuliko langu. Na kila utakapotetemeka kusema, akuwekee mbele yako mtu atakayevua kofia na kukwambia: rudilia.