Barua ya Kuongeza Mkataba

Katibu wa halmashauri haanzi kusema kabla hajainyoosha karatasi kwa kiganja, hata kama haina kunyanzi. Wakazi wakija juu kwamba bili zimewafikia zimechelewa na faini juu, hunyoosha na za kwao, taratibu, kama anayebembeleza mtoto. "Kampuni inayotuchapishia na kutusambazia barua haina mpinzani, mzee wangu. Vuta subira." Leo madiwani wameiongezea kampuni hiyo mkataba. Kaipiga muhuri barua ya kuipasha habari, kainyoosha, kisha kaitia kwenye mkoba wake.

"Mama, si niitie kwenye mfuko wa kampuni, iende na nyingine?" karani akauliza.

"Wewe nawe! Hii ni lazima ifike. Naipeleka mwenyewe."